Wakili Aliyeshika Usukani

Aitzaz Ahsan wa Pakistan aliwahi kuwaamrisha polisi, kisha akaja kukamatwa na polisi. Kati ya mwaka 1988 na 1990 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani katika serikali ya Bibi Benazir Bhutto.

Tarehe 9 Machi, 2007, Jenerali Pervez Musharraf, aliyekuwa Rais na Mkuu wa Jeshi, alimsimamisha kazi Jaji Mkuu Iftikhar Chaudhry. Ahsan alijitolea kumtetea. Mwezi Mei alishika usukani mwenyewe akampeleka Jaji kutoka Islamabad hadi Lahore. Safari ya saa chache ikachukua mchana na usiku, kwa wingi wa watu waliojaa barabarani. Tarehe 20 Julai mahakama ikamrudisha Jaji kazini.

Mwezi Oktoba mawakili wakamchagua Ahsan kuwa Rais wa Chama cha Mawakili wa Mahakama ya Juu. Muda si muda, tarehe 3 Novemba, hali ya hatari ikatangazwa. Majaji wakaondolewa, naye akatiwa kizuizini.

Mtihani mkubwa zaidi ulitoka nyumbani kwake. Mwaka 2008 chama chake, Pakistan Peoples Party, kilishinda uchaguzi. Viongozi waliahidi kuwarudisha majaji katika siku 30. Siku zikapita, Jaji Mkuu hakurudi. Ahsan angeweza kunyamaza akalinda cheo chake. Hakunyamaza, na akapoteza nafasi yake katika Kamati Kuu ya chama. Mwezi Machi, 2009, mawakili na wananchi wakaanza msafara wa kwenda Islamabad. Alfajiri ya tarehe 16, kabla hawajafika, Waziri Mkuu Yousuf Raza Gilani akatangaza kwamba Jaji atarudishwa.

Ahsan hakukihama chama. Mwaka 2012 aliingia katika Seneti. Mwaka huo huo Gilani alishitakiwa kwa kuidharau mahakama, na wakili aliyesimama kumtetea alikuwa Ahsan. Gilani alipatikana na hatia, na tarehe 19 Juni mahakama iliyoongozwa na Jaji Chaudhry ikamwondoa katika uwaziri mkuu.

Sheria ni msumeno. Ahsan aliyepigania heshima ya mahakama aliishuhudia ikikata upande wake. Kuitii hata inapokata upande wako ndicho kipimo cha kila aliyekula kiapo, awe amevaa joho au sare.