Serikali iliyokimbia nakisi

Haya wadau, nimerudi. Najua nilipotea wiki mbili nzima, lakini aliyewahi kuonja wiki ya testi atanielewa. Majibu yametoka jana mchana, yamebandikwa ukutani nje ya ofisi kama kawaida, watu wanasukumana, kila mtu anatafuta namba yake kwa kidole. Mi nimepata 7 kwa 20. Kinachouma ni kwamba safari hii nilisoma kweli, sikudesa.

Swali lilikuwa fupi tu. Tueleze kwa nini serikali inaweza "run a deficit". Nakisi ya bajeti naijua: matumizi yamezidi mapato, pengo linazibwa kwa kukopa. Basi nikateremsha kurasa tatu za kwa nini serikali yenye akili huikimbia nakisi... riba, mfumuko wa bei, madeni ya kuwaachia wajukuu. Nikatoka chumba cha mtihani nikichekacheka. Kumbe "run a deficit" ni kuwa na nakisi, kuendesha mambo yako ukiwa nayo hivyo hivyo. Nimejibu swali kinyumenyume! Mhadhiri kaweka alama moja kubwa ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, basi.

Usiku nimelala nikiwaza, na nimegundua kitu. Sikukosea kwa uvivu. Kwa Kiswahili mtu anakimbia deni, anakimbia kijiji, wengine wanakimbia hata wake zao. Kitenzi hiki kikipata kitu mbele yake, maana yake ni kukihepa kitu hicho. Mwingereza hapo anahitaji kuongeza "away from". Kwa hiyo mi niliwaza Kiswahili safi kabisa, nikaandika kwa Kiingereza, nikala saba yangu.

Na siko peke yangu. Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja, mwaka jana akiwa fildi, bosi wake alimpa ripoti akamwambia kabla hajaituma "run it by the accountant". Yeye akaelewa apitie kwa mhasibu. Akapitia kweli! Akamkuta anaongea na simu, akampungia mkono, akaenda zake kuituma. Kumbe alitakiwa amwonyeshe aikague. Mlikuwa na hesabu mbili zilizokosewa na ripoti ikafika kwa wafadhili hivyo hivyo. Alama zake za fildi sizitaji hapa maana anasoma humu.

Neno lenyewe si la kuchezea, jamani. Katika toleo la 1989 la ile kamusi kubwa ya Oxford bingwa wa maana nyingi alikuwa "set", ana maana 430. Kisha mhariri Peter Gilliver akalishughulikia "run" kwa miezi kadhaa, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa kama kitenzi tu lina maana 645. Mto "runs", pua "runs", mgombea "runs", duka mtu "runs". Ukikutana na rafiki bila kutarajia ume-"run into" yeye, na ukimgonga kwa gari ume-"run over" yeye. Tofauti ni kineno kidogo tu, ila mmoja anaishia kunywa chai na mwingine polisi.

Sasa sisi sekondari tulifundishwaje? Orodha ubaoni. Kulia maana, kushoto neno, nakili, kariri, Ijumaa kuna jaribio. Ndiyo maana mwanafunzi wa hapa "postpone" anaijua, "tolerate" anaijua, lakini mwambie "put off" au "put up with" uone anavyotoa macho. Hayo maneno marefu yenye asili ya Kilatini na Kifaransa, ambayo mengi yaliingia baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, ndiyo ya vitabuni. Haya mafupi ndiyo wanayoongea wenyewe nyumbani. Sisi tumeingilia mlango wa sebuleni, jikoni hatujafika.

Na kinachoniudhi ni kwamba dawa tunayo mdomoni. Kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana. Mwingereza anabandika vineno vyake nyuma ya kitenzi, "run to", "run after", sisi tunavishonea ndani ya kitenzi chenyewe. Hata hapo maana zinaruka: mgonjwa tunamkimbiza hospitali, mwizi tunamkimbiza, na Mwenge wa Uhuru unakimbizwa kila mwaka na hakuna anayedhani umeiba kitu. Halafu kuna "piga". Piga simu, piga kura, piga deki, piga chafya. Piga pasi ni ya shati na ya mpira. Nani alikaririshwa hiyo orodha? Mwalimu wa kidato cha kwanza akianzia hapo, mtoto ataona kwamba lugha zote zina kichaa cha aina moja, na ataanza kuuliza kineno kile kinafanya kazi gani badala ya kukimeza.

Najua wapo watakaosema Kiswahili kisikanyage darasa la Kiingereza, kinaharibu. Mimi nawaambia kimeshaingia siku nyingi, kimekaa kichwani mwa mwanafunzi na kinatafsiri kimya kimya bila mwalimu kujua. Ningefundishwa mapema kwamba "run" yao na "kimbia" yetu zinaachana pale kitu kinapofuata, leo ningekuwa na 15 na nisingekuwa napiga hesabu za sapu.

UE ni wiki tano zijazo. Nimekopa kamusi nene ya jirani, nasoma neno moja kila usiku, jana "get" imenishinda katikati nikalala. Bumu nalo limekata tangu Jumanne, yaani "run out". Hiyo tulijifunza wenyewe bila mwalimu.