Biskuti za Idi Bila Kupoteza Kumi la Mwisho



Ifikapo nusu ya pili ya Ramadhani, majumba yetu, kuanzia Tiwi na Ukunda hadi Msambweni na Vanga, huanza kunukia iliki na samli. Ni harufu ya furaha, nasi hatuna neno nayo. Lakini twauliza: kazi hiyo hufanywa saa ngapi, na nani? Aghalabu hufanywa usiku, baada ya tarawehe, na anayesimama mbele ya jiko ni mama wa nyumba, ambaye tangu alasiri amepika futari, ameosha vyombo, na bado daku lamngoja. Baba na wavulana wako msikitini wakiutafuta usiku wa Lailatul Qadr, ilhali yeye ahesabu nankatai.

Bibi Aisha (RA) amesimulia kwamba likiingia kumi la mwisho, Mtume (SAW) alikuwa akikesha kwa ibada na kuwaamsha watu wa nyumbani kwake. Hakuikusudia fadhila ile iwe yake peke yake. Basi juma hili twaeleza njia nyepesi ya kuoka biskuti za Idi, ili mama naye apate fungu lake la nyusiku hizo.

Njia yenyewe ni boksi la unga wa keki, lile liuzwalo madukani. Wapo watakaoguna kuwa hicho si chakula chetu. Ni kweli kwamba asili yake ni ya mbali. Mwaka 1933 kampuni ya P. Duff and Sons ya Pittsburgh, Marekani, ilipewa hataza ya unga uliokwisha kuchanganywa, nayo ilikuwa ikitafuta matumizi ya molasi, yaani ile asali nyeusi ibakiayo miwa inapotengenezwa sukari. Lakini nankatai nazo zilivuka bahari kutoka Gujarat, nasi tukazipokea hata zikawa zetu. Vileja na nankatai za mkono wa nyanya visiachwe. Binti zetu na wavifunze mwezi wa Shaabani, wakati mwalimu na mwanafunzi wana nafasi.

Ndani ya boksi mna unga, sukari, chumvi na bekingi poda. Ukifuata maelezo yake na kutia maji au maziwa, utapata keki. Ukiyaacha maji, donge huwa gumu na hutoa biskuti. Kwa boksi la gramu 430 hadi 500, chukua mayai mawili na nusu kikombe cha mafuta ya kupikia. Ongeza kijiko kidogo cha iliki iliyosagwa. Anayependa atie nazi kavu iliyokunwa, au korosho zilizokatwakatwa, ambazo kwetu Kwale si haba. Changanya kwa mwiko hadi unga usionekane. Donge likimong'onyoka, ongeza kijiko kimoja cha maziwa, si zaidi.

Kwa joto letu la pwani, donge hulegea upesi, hivyo liweke kwenye friji nusu saa. Kisha finyanga viduara vya ukubwa wa ndimu ndogo, uviviringishe ndani ya sukari ya unga na kuvipanga kwenye treya kwa nafasi, kwani vitatanuka. Oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 12. Epua pambizo zikianza kubadilika rangi na katikati bado ni laini. Ziache dakika tano zishikane ndipo uziinue. Boksi moja hutoa dazeni tatu hivi.

Asiye na oveni na apalie makaa. Tia mchanga mkavu ndani ya sufuria nene, uupashe moto, weka sinia juu yake, funika, kisha weka makaa mengi juu ya kifuniko na machache chini. Anza kuzitazama baada ya dakika kumi.

Wenye friza wanaweza kufinyanga viduara kabla ya usiku wa 21, wavigandishe, na kuvioka mchana wa mwezi 29. Wasio nayo hawapotezi kitu, kwani kazi yote ni kama saa moja na nusu. Kuviringisha si kazi ya mama peke yake. Watoto wataifurahia, na wavulana na baba zao wana mikono pia. Watoto wasionje donge bichi, kwa ajili ya mayai na unga ambao haujaiva. Biskuti zikipoa kabisa, zitiwe kwenye mkebe unaobana, maana unyevu wa bahari huzilainisha.

Jambo moja halina njia ya mkato, nalo ni kusoma ubavu wa boksi. Tazama alama ya halali. Ukiona jelatini, au E471, jua kwamba vyaweza kutokana na mnyama, na E471 yaweza pia kutokana na mimea. Pasipo alama wala maelezo, chukua boksi jingine. Kadhalika soma chupa ya vanila, kwani nyingine huwa na kileo. Iliki na maji ya waridi vyatosha.

Mwisho, Mtume (SAW) alimuusia Abu Dharr aongezapo maji katika mchuzi wake awakumbuke majirani. Dazeni tatu ni nyingi kwa nyumba moja. Sahani moja ivuke ua asubuhi ya Idi, hasa kwa mjane na kwa nyumba ambayo jiko lake halikuwaka.

Mwenyezi Mungu atukubalie funga zetu na visimamo vyetu, na vya mama zetu kwanza. Amin.