Mguu Unaouma Mlimani Upimwe, Usisingiziwe Uzee

Katika milima ya Kisii na Nyamira si ajabu kumwona mtu akipanda kilima, kisha asimame katikati ya njia kana kwamba anatazama majani chai ya jirani. Baada ya dakika chache anaendelea na safari. Ukimuuliza, atakwambia ni uzee ama baridi yabisi.

Msomaji, huenda si uzee. Shavu la mguu likibana mtu atembeapo na kutulia apumzikapo, yafaa kushuku kwamba ateri, yaani mishipa inayopeleka damu miguuni, imeanza kuziba. Walio hatarini zaidi ni wavutaji sigara, wenye kisukari, wenye shinikizo la damu na watu wa umri mkubwa.

Je, imeziba kiasi gani? Mwaka wa 1954, daktari Mfaransa René Fontaine aliugawa ugonjwa huu katika ngazi nne. Katika ngazi ya kwanza mgonjwa hasikii lolote. Katika ya pili huumwa atembeapo, na anayeshindwa kufika mita 200 ana hali mbaya zaidi. Katika ya tatu mguu huuma hata akiwa amelala, mpaka auning'inize kando ya kitanda. Ya nne ni kidonda kisichopona ama kidole kinachogeuka cheusi.

Taabu ni kwamba siku hizi bodaboda imeificha ngazi ya pili. Anayepanda pikipiki kutoka soko la Daraja Mbili hadi mlangoni pake hajui miguu yake inaweza kufika wapi. Naye mwenye kisukari ambaye neva za miguu zimekufa ganzi anaweza kufika ngazi ya nne bila kuonywa na maumivu.

Ndiyo maana nasema tusingoje maumivu, tupime. Kipimo chenyewe si kigumu. Muuguzi hupima presha ya mkono, kisha ya kifundo cha mguu, akitumia mkanda wa kawaida na kifaa kidogo cha kusikilizia damu kiitwacho dopla. Presha ya mguu hugawanywa kwa ile ya mkono. Mkono ukiwa 140 na mguu 70, jibu ni 0.5, na hapo ateri zimeziba vibaya. Mtu mzima wa afya hupata baina ya 1.0 na 1.4. Chini ya 0.9 ni ugonjwa. Ikizidi 1.4 usishangilie: ateri zimekuwa ngumu, jambo linalowapata wenye kisukari wengi, na afadhali presha ipimwe kwenye kidole gumba cha mguu.

Kwa maoni yangu, kila kliniki ya kisukari katika kaunti hizi mbili ingefaa kuwa na dopla, na kila mgonjwa avuliwe viatu na soksi akaguliwe. Ugonjwa ukijulikana mapema, kuacha sigara, kumeza dawa na kufanya mazoezi ya kutembea husaidia sana. Ukichelewa, hubaki kuzibua ateri kwa upasuaji, ama kukata mguu.

Nawe usingoje kliniki ikukumbuke. Ukienda kupimwa sukari ama presha, mwombe muuguzi akupime miguu pia. Lakini mguu ukibadilika ghafla ukawa baridi, mweupe na wenye maumivu makali, nenda hospitalini saa hiyo hiyo.