UTAMBULISHO USIWE PINGU

Watu wa Vuga na wa milima ya Usambara waliionja kadi ya Mjerumani. Kuanzia mwaka 1907 kila mwanamume mtu mzima alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia kazi setla siku 30 katika kila miezi minne. Ilikuwa pingu, lakini ilikuwa pingu ya karatasi, na karatasi huweza kuwekwa chini.

Leo ziko nchi ambako watu hutiwa chini ya ngozi chipu ya utambulisho, ndogo kama punje ya mchele. Marekani iliiruhusu kwa ajili ya tiba mwaka 2004. Kwetu hakuna sheria inayoidai, ila alama za vidole tumekwisha kuzitoa kwa kitambulisho cha Taifa na kwa laini za simu. Kenya walifika hadi kutunga sheria ya kukusanya DNA. Mahakama Kuu ikaizuia Januari 2020.

Serikali ina haki ya kuwajua watu wake. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 isilale kabatini. Kila ofisa, awe Bara au Visiwani, hana budi kumweleza mwananchi alama zake zinatakiwa kwa kazi gani, na nani atazisoma. Mwili ni amana ya mwenyewe. Si jalada la ofisi.