Mazingira Yasiwe Fagio Pekee

Mtoto wa shule ya msingi akiulizwa maana ya mazingira hujibu bila kusita kwamba ni vitu vyote vinavyomzunguka kiumbe. Jibu hilo ni sahihi na katika mtihani hupata alama zote. Lakini saa moja asubuhi mtoto huyohuyo huonekana ameinama uwanjani na fagio la chelewa mkononi, na hapo ndipo neno hilo linapopata maana yake ya pili, iliyo na nguvu kuliko ile ya daftarini. Mazingira ni zamu. Mazingira ni kufagia, kumwagilia maua na kufyeka nyasi, na aliyechelewa namba au aliyepiga kelele darasani huongezewa eneo.

Usafi si jambo la kubezwa, na hakuna mhudumu wa afya atakayelalamika kwamba vyoo vya shule vimeoshwa. Tatizo ni kwamba kazi inayotolewa kama adhabu haimfundishi mtoto kutazama. Humfundisha kumaliza haraka. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulikusudia kazi ya mikono iwe sehemu ya kujifunza. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe, na kujifunza kuliachwa njiani.

Pengo hilo hugharimu afya za watu, na mfano ulio karibu ni homa ya dengue, ambayo wengi huiita kidingapopo. Jiji la Dar es Salaam limekumbwa na milipuko yake katika miaka ya 2010, 2014 na 2019, na mlipuko wa 2019 ulihesabu wagonjwa kwa maelfu. Hata hivyo, watu wengi wakisikia habari za mbu hufikiria nyasi ndefu na mitaro inayonuka, na shule nazo hushika mafyekeo. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza virusi vya dengue, hana haja na nyasi hizo ili azaliane. Hutafuta maji yaliyotulia ndani ya vyombo, karibu na watu: pipa lisilofunikwa, ndoo ya akiba, kopo, kifuu cha nazi, kisahani kilicho chini ya chungu cha maua. Uwanja unaweza kufagiwa ukang'aa, huku matairi yaliyopakwa rangi na kufukiwa nusu kuzunguka bustani ya shule yakilea mbu kwa mamia. Tena mbu huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, saa ambazo mwanafunzi yuko shuleni au njiani na chandarua chake kimekunjwa nyumbani.

Somo linalofaa hapa halihitaji maabara. Linahitaji chupa ya maji ya plastiki isiyo na rangi, kikombe cha kuchotea, kipande cha chandarua na uzi. Wanafunzi wakiongozwa na mwalimu huzunguka eneo la shule wakichungulia kila kinachoweza kushika maji. Wanapowaona viluwiluwi, huwachota pamoja na maji yaleyale, huwamimina ndani ya chupa na kuufunga mdomo wake kwa kipande cha chandarua, kisha chupa huwekwa mahali ambapo darasa zima litaiona kila siku. Kinachofuata hakimhitaji mwalimu aseme mengi. Mkono ukipita juu ya chupa na kuitia kivuli, viluwiluwi wote huzama kwa pamoja, na baada ya muda mfupi hupanda tena mmoja mmoja, kichwa chini, wakivuta hewa kwa bomba dogo lililo mkiani. Baada ya siku chache baadhi yao hujikunja mithili ya alama ya mkato na kuacha kula. Kisha, asubuhi moja, chini ya kitambaa kuna mbu wenye madoadoa meupe miguuni, na juu ya maji yanaelea maganda waliyoyavua.

Katika joto la pwani safari hiyo, tangu yai hadi mbu, huchukua siku saba hadi kumi hivi. Mtoto aliyezihesabu siku hizo kwa macho yake ataelewa kwa nini mabango ya afya husema vyombo visafishwe kila wiki, badala ya kukariri neno «kila wiki» kama amri nyingine ya watu wazima.

Somo la mayai ni muhimu zaidi, na ndilo linalosahauliwa hata na wahudumu wa afya. Aedes hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji tu hakuyaondoi. Darasa linaweza kulithibitisha hilo kwa vifuu viwili vilivyookotwa mahali penye viluwiluwi: kimoja kinamwagwa maji na kukaushwa tu, cha pili kinasuguliwa ndani kwa nguvu kabla ya kukaushwa. Baada ya wiki moja vyote viwili vinatiwa maji safi na kufunikwa kwa chandarua. Mara nyingi kile kisichosuguliwa kitatoa viluwiluwi, ingawa hakuna mbu aliyekigusa tangu kifunikwe. Bila shaka chupa na vifuu hivyo vihesabiwe na kukaguliwa kila siku, na somo likiisha maji yote yamwagwe kwenye udongo mkavu juani na vyombo vikasuguliwe. Mwalimu anayevisahau nyuma ya kabati amefuga mbu.

Kutoka darasani kazi huhamia nyumbani, na hapo panahitaji busara. Familia nyingi huhifadhi maji kwa sababu bomba halitoki kila siku, au kwa sababu maji yenyewe hununuliwa kwa ndoo. Mtoto anayerudi nyumbani na kumwaga pipa la mama yake kwa jina la elimu ya mazingira atapata kipigo, na mama hatakuwa na kosa kubwa. Historia ya kusini mwa nchi inakumbusha jambo hili. Homa ya chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika nyanda za Wamakonde, sehemu za Newala, ambako maji yalikuwa ya shida na watu waliyaweka ndani ya nyumba zao. Jina lenyewe ni la Kimakonde, nalo linaeleza jinsi maumivu ya viungo yanavyompinda mgonjwa. Kwa hiyo mtoto afundishwe kufunika kwa kitambaa kizima kilichokazwa kwa mpira, na kusugua chombo pale kinapokuwa kitupu, kabla ya kujazwa tena.

Wako watakaosema kwamba walimu wamelemewa, madarasa yamejaa, na mtihani hauulizi habari za chupa. Kuhusu wingi wa wanafunzi, wanasema kweli, na vikundi vya watoto kumi vinavyopokezana kwenye chupa moja havitaondoa tatizo hilo lote. Kuhusu mtihani, mzunguko wa maisha ya wadudu ni mada ya sayansi, na aliyeuona hahitaji kuukariri. Hoja iliyo nzito ni nyingine: kumbebesha mtoto mzigo wa halmashauri. Maji yasiyotoka na taka zisizozolewa si kazi ya mwanafunzi, na somo zuri la mazingira halipaswi kutumiwa kuficha hilo. Mtoto aliyehesabu makopo ya mtaa wake ana haki ya kuuliza gari la taka lilipita lini.

Mhudumu wa afya anapoalikwa shuleni, basi, aiache hotuba na aende na chupa. Awaambie pia watoto jambo moja ambalo chupa haiwezi kuonyesha: homa ambayo kipimo cha malaria hakikuikuta si homa ya kupuuzwa, na pale dengue inaposhukiwa, dawa ya kushusha homa ni parasetamoli, wala si aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, kwa sababu hizo huweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo au damu kwenye fizi na puani ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Hesabu za watoto, yaani vyombo vilivyokaguliwa na vilivyokutwa na viluwiluwi kwa kila mtaa, ziandikwe katika daftari moja, na nakala ifike zahanati kabla ya mvua za masika, wakati bado kuna nafasi ya kujua ni mtaa upi wa kuanzia.