Kolwezi: Muziki kazini, mega ndizo zinaamua huduma ya kuchagua

Kwenye saluni, kwenye vibanda vya mafundi cherehani na ndani ya ofisi za kampuni za migodi huko Kolwezi, kazi nyingi zinafanywa muziki ukilia pembeni. Siku hizi nyimbo hizo zinazidi kutoka kwenye intaneti ya simu. Apple Music iliingia nchini Kongo mwaka 2020, Spotify ikafuata Novemba 2021, na Boomplay inakuja ikiwa tayari imewekwa ndani ya simu nyingi za Tecno, Infinix na itel. Kuna pia Deezer, Audiomack na YouTube. Mfanyakazi wa Lualaba achague ipi?

Hesabu ya mega

Jibu linaanzia kwenye mfuko. Muziki unaopigwa kwa ubora wa kawaida, yaani kilobiti 96 kwa sekunde, unakula karibu mega 43 kwa saa. Anayesikiliza saa nane kwa siku anamaliza karibu mega 345. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni karibu giga 9. Akiacha programu kwenye ubora wa juu wa kilobiti 320, mwezi huohuo unamla karibu giga 30. Akishusha hadi kilobiti 24, giga mbili na kidogo zinatosha, ingawa sauti inafifia. Kutazama video za YouTube kwa ajili ya kusikiliza tu ni hasara kubwa zaidi, kwani picha inakula mega kuliko sauti.

Ndiyo sababu uwezo wa kupakua nyimbo una uzito kuliko wingi wa nyimbo. Wimbo wa dakika nne kwa ubora wa kawaida ni karibu mega 3. Nyimbo 200 hazifiki giga moja, nazo zinatoa zaidi ya saa 13 za muziki bila kutumia mtandao tena. Zikipakuliwa usiku mahali penye Wi-Fi, zinaendelea kulia hata mtandao ukipotea njiani kati ya Kolwezi na Fungurume.

Hapa huduma zinatofautiana. Asiyelipa Spotify anasikiliza pamoja na matangazo, wala hawezi kupakua nyimbo. Anayelipa anaweza, ila lazima aunganishe simu na intaneti angalau mara moja kila siku 30. Audiomack inaruhusu hata asiyelipa kupakua nyimbo nyingi. Kabla ya kujiandikisha, inafaa pia kuangalia namna ya kulipa. Huduma inayodai kadi ya benki haimsaidii mtu ambaye feza zake zote ziko M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money.

Masikio yabaki wazi

Kuna mahali ambapo hakuna huduma inayofaa. Ndani ya mgodi, dereva wa lori kubwa anategemea honi, king'ora na redio ya mawasiliano. Mwenye spika mbili masikioni anaweza kukosa onyo la sekunde chache, na sekunde hizo ndizo zinazookoa maisha. Ni vilevile kwa dereva wa pikipiki kwenye barabara za malori ya shaba. Kwa watu hao, muziki ungoje mwisho wa zamu.

Mwenye saluni ao duka naye ana jambo la kukumbuka. Masharti ya Spotify yanasema akaunti ni ya matumizi ya mtu binafsi, si ya biashara. Muziki unaopigwa mbele ya wateja unagusa haki za watunzi, na nchini Kongo haki hizo zinasimamiwa na SOCODA.

Nyimbo za nyumbani

Chaguo la msikilizaji linamfikia pia msanii. Tangu mwaka 2024, Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa nyota wa Kinshasa, kiwango hicho ni kidogo. Kwa kijana anayeimba Kiswahili huko Kolwezi, ni ukuta. Karakana moja yenye wafanyakazi 20, kila mmoja akisikiliza wimbo huo mara mbili kwa juma, inavuka 1,000 ndani ya miezi sita. Lakini wimbo unaopitishwa kwa WhatsApp hauhesabiwi hata mara moja.

Jimbo hili lina urithi wa kulinda. Mwenda wa Bayeke, mpiga gitaa aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi, na gitaa lake likasikika mbali sana na Katanga. Kipimo kizuri kabla ya kulipa ni hiki: andika jina lake, kisha jina la msanii wa mtaa wako, uone huduma ipi inawaleta wote wawili.

Mwezi Mei 2025 serikali iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini. Ikiwa ushindani huo utashusha bei ya mega, hesabu itabadilika. Kwa sasa, anayetaka muziki kazini bila kumaliza mshahara afanye mambo matatu: apakue usiku, ashushe ubora wa sauti, na aache sikio moja wazi.