Kobe wa Uwanja wa Madrasa

Wiki tatu zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, mama mmoja wa hapa Karatu alitujia na swali. Mwanawe wa miaka minane aliona kasuku wadogo wakiuzwa mnadani, wa kijani, wenye shingo ya rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, wawili ndani ya tundu la waya. Tangu siku hiyo hana raha. "Ustadhi," akauliza, "inajuzu kumfungia ndege ndani?"

Tulijibu kwa wepesi wa mtu aliyekariri somo. Inajuzu, mama, madhali anapewa chakula na maji wala hateswi. Tukamtajia kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege cha kuchezea, na jinsi Mtume (SAW) alivyomliwaza kwa utani mtoto yule kindege kilipokufa. Tukaongeza, labda kwa kujionesha kidogo, kwamba Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, alitunga kijitabu kizima juu ya hadithi hiyo fupi na kutoa humo mafunzo 60. Mama akashukuru, akaenda zake.

Tulipotoka nje tukamkuta kobe wetu.

Wazazi wenye watoto madrasa wanamjua. Aliletwa na muumini mmoja aliyemwokota njia ya Mang'ola, yapata miaka miwili sasa. Kamati ilimpokea bila kuuliza neno, nasi tuliokabidhiwa kalamu hatukumwandika popote. Alipokuja, ukingo wa gamba lake ulikuwa umekwisha kutobolewa kwa msumari. Tukapitisha kamba tunduni humo na kumfunga kwenye mlimao. Siku ile kamba ilikuwa imejizungusha shinani hata kichwa chake kikagusa mti. Bakuli la maji lilikuwa kavu, hatua mbili mbali naye. Mbele yake palikuwa na ugali wa jana.

Bwana mifugo tuliyemwita alitusomea somo ambalo chuoni hatukulisikia. Gamba la kobe si kifuniko kama cha sufuria. Ni mfupa ulio hai, na uti wa mgongo na mbavu zake zimeungana nalo. Kulitoboa ni kutoboa mfupa. Chakula chake ni nyasi na majani, na akilishwa ugali na mkate kwa muda mrefu, gamba huota kombo. Hata kumnyanyua kila mara kuna madhara, kwa kuwa akishtuka huweza kumwaga maji aliyojiwekea mwilini kwa ajili ya kiangazi. Kisha huishi miaka makumi. Watoto waliompenda wangehitimu, wangeoa na kuolewa, naye angali kwenye mlimao.

Kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka tunakifundisha madrasa kila mwaka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Tumekifundisha kobe akiwa nje ya dirisha.

Tena liko suala la sheria, ambalo wengi wetu hulidhania kuwa ni la majangili wa pembe za ndovu peke yao. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamhesabu mnyamapori, awe hai au mfu, kuwa nyara, na kuwa na nyara za Serikali bila kibali ni kosa ambalo kifungo chake chaweza kufika miaka 20 na kuzidi. Sisi wa upande huu tumezoea mno. Ndani ya Ngorongoro watu na wanyama wamegawana ardhi kisheria tangu 1959; ng'ombe hulisha walipo pundamilia. Mtu aliyekulia hapo haoni ajabu kuokota kobe au mtoto wa digidigi. Lakini kuishi jirani na mnyama hakumfanyi kuwa wako.

Tulipolifahamu hilo, jibu letu kwa yule mama likatukaa kooni. Kasuku wale, kwa sifa alizozitaja, ni wa Fischer, na kwao ni hapa hapa: kusini mwa Ziwa Victoria, Serengeti, hadi Ndutu ndani ya Ngorongoro. Katika miaka ya 1980 walinaswa na kusafirishwa nje kwa wingi hata mwaka 1987 wakawa ndege wa porini waliouzwa kuliko wote duniani. Porini huishi kwa makundi. Kindege cha Abu Umayr kinatupa ruhusa ya kufuga. Hakitufungulii mlango wa kunasa. Tungemtajia mama pia masahaba waliochukua makinda mawili safarini, mama yao akaja akipigapiga mbawa, na Mtume (SAW) akaamuru yarudishwe. Hatukuikumbuka hadithi hiyo kwa kuwa hatukuulizwa, wala sisi hatukuuliza ndege wametoka wapi.

Wako watakaosema: mbona jamaa zetu wa Ghuba hufuga duma? Walifuga, na wengi wa watoto wa duma hao hupitishwa kwa magendo kutoka Pembe ya Afrika, baadhi wakifia njiani. Falme za Kiarabu zenyewe zilipitisha sheria mwaka 2016 kuwakataza watu binafsi kufuga wanyama hatari.

Mwenye mnyamapori nyumbani tunamsihi asimwachie usiku msituni kwa hofu. Mnyama aliyezoea kulishwa huenda asimudu kujitafutia, tena aweza kuwapelekea wenzake maradhi. Sisi tulikwenda na mwenyekiti wa mtaa hadi kwa askari wa wanyamapori, tukaeleza kila kitu, na aibu yetu tukaieleza. Kobe alichukuliwa Jumanne. Watoto wawili walilia.

Kwa yule mama tulikwenda nyumbani kulifuta jibu letu. Alitusikiliza, kisha akamwita mwanawe tumweleze wenyewe. Tukamweleza. Akauliza wale wawili wa mnadani nani atawatoa tunduni. Tulikwisha kutoa taarifa, lakini muuzaji hajaonekana tena. Baba yake amemwahidi njiwa wa kufugwa. Kijana bado anafikiri.